Martini, Negroni au Gimlet: ipi ya kuanzia unapojifunza kuonja na kurekebisha nyumbani?

Umepima, umekoroga, umechuja, umeonja. Kuna kitu hakijakaa sawa, ila huwezi kukitaja jina. Basi mkono unakwenda kwenye chupa iliyo karibu, unaongeza kidogo, unaonja. Unaongeza tena, unaonja. Baada ya dakika tano glasi imejaa hadi ukingoni, barafu imeyeyuka nusu, na ladha imezidi kuvurugika. Nimepita hapo mara nyingi. Kilichonisaidia ni kuchagua kokteli moja, kuitengeneza tena na tena, na kujifunza kosa lake linavyosikika mdomoni.

Kokteli tatu za jini (gin, pombe kali yenye harufu ya mreteni) ndizo watu husitasita baina yake: Martini, Negroni na Gimlet. Zote zina viungo viwili au vitatu tu, kwa hiyo kila tone linasikika. Lakini kila moja huzoeza ulimi jambo lake. Martini hufundisha maji na ubaridi. Negroni hufundisha kutenganisha uchungu na utamu pale vinapokuja vimeshikana. Gimlet hufundisha mizani ya uchachu na sukari. Ushauri wangu ni kwamba usichague kwa umaarufu wa jina wala kwa uzuri wa glasi. Chagua kwa lile ambalo ulimi wako bado haulijui.

Maswali nitakayouliza kila kokteli

Nitazipitisha zote kwenye maswali yaleyale matano. Kwanza, inazoeza ulimi nini? Pili, inadai nini mezani: chupa ngapi, matunda gani, vyombo gani? Tatu, ikikosea inasemaje, na dawa yake ni ipi? Hapo ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu hapo ndipo kazi ilipo. Nne, ikikaa kwenye glasi inageuka vipi? Tano, inamfaa nani?

Sikuweka swali la ipi tamu zaidi. Hilo utalijibu mwenyewe kwenye glasi ya kwanza.

Namna ya kuonja, kwa zote tatu

Onja kinywaji kikiwa baridi kama kitakavyonywewa. Ubaridi hupunguza utamu na kufunga harufu, kwa hiyo mchanganyiko unaoonjwa kabla ya barafu utadhani umezidi sukari na umezidi ukali, uanze kurekebisha kosa lisilokuwepo.

Tumia kijiko cha chai. Funda la kwanza linausafisha tu mdomo, usilitolee hukumu. Funda la pili lisikilize mara tatu: linapogusa ncha ya ulimi, linapojaa mdomoni, na kinachobaki baada ya kumeza. Kisha litafutie neno. Kali, kwa maana ya kuchoma? Chachu? Tamu mno? Chungu? Lina ukakasi, ule wa kukausha na kukunja ulimi? Au chapwa, kama lililomwagiwa maji? Maneno haya usiyapuuze, kwa sababu kila moja lina dawa yake, na wengi hukosea dawa kwa kuwa wamekosea jina.

Ukishapata neno, usiiguse glasi nzima. Chota vijiko vinne vya chai, yaani mililita 20, weka kwenye kikombe kidogo. Jaribu dawa humo: robo ya kijiko cha shira, au matone kadhaa ya ndimu, au maji. Ikikaa vizuri, zidisha kwa kilichobaki. Glasi yenye mililita 80 zilizobaki inahitaji mara nne ya ulichotia kikombeni, kwa hiyo robo kijiko inakuwa kijiko kizima, mililita 5. Ikiharibika, umepoteza vijiko vinne tu. Rekebisha kitu kimoja kwa wakati, na kiandike.

La mwisho ni maji. Barafu haiwezi kupoza kinywaji bila yenyewe kuyeyuka, kwa hiyo kila kokteli iliyokorogwa au kutikiswa ina maji ndani yake hata kama kanuni haikuyataja. Kukoroga huongeza maji kama moja ya tano hadi robo ya ujazo wa mwanzo. Kutikisa huongeza zaidi ya hapo. Maji hayo hayaharibu kinywaji. Ndiyo yanayotuliza moto wa pombe na kuziachia harufu zitoke. Tatizo huja yakipungua au yakizidi.

MARTINI

*Inazoeza nini.* Kanuni ya IBA, chama cha kimataifa cha wahudumu wa baa, ni mililita 60 za jini kwa 10 za vermuti kavu, divai isiyo tamu yenye ladha ya mimea. Ukiukoroga mchanganyiko huo wa mililita 70 kwenye barafu, unapata nyongeza ya maji ya mililita 15 hivi. Hesabu hiyo itazame vizuri: ndani ya glasi yako maji ni mengi kuliko vermuti. Anayehangaika kama atie vermuti 8 au 10, huku hajui barafu yake imetoa maji kiasi gani, anapima kidogo na kuacha kikubwa. Martini ndiyo mwalimu wa jambo hili, kwa kuwa haina sukari wala ndimu ya kuyafunika maji.

*Inadai nini.* Chupa mbili, barafu nyingi iliyo kavu na ngumu, glasi iliyopozwa, na limau au zeituni. Hakuna la kukamua, hakuna la kupika. Vermuti ni divai iliyoongezewa pombe kali na kutiwa ladha ya mimea, nayo ikifunguliwa huchakaa. Iweke kwenye friji na uimalize ndani ya mwezi mmoja hivi. Kwa kuwa Martini hutumia kidogo mno, chupa kubwa itakuchakalia kabla hujafika nusu. Tafuta ndogo.

*Ikikosea.* Kuna jaribio moja ambalo namwambia kila anayeniuliza. Panga vikombe vitatu vidogo. Anza kukoroga jini na vermuti kwenye barafu. Ikifika sekunde 15, chota kijiko, tia kikombe cha kwanza. Sekunde 30, kikombe cha pili. Sekunde 45, cha tatu. Onja kwa mfuatano. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza, cha kwanza kilinikwaruza koo na harufu ya jini ilikuwa kama imefungiwa ndani. Cha pili kilikuwa laini zaidi, na ganda la limau lililomo kwenye jini, ambalo sikuwa nimewahi kulisikia, likajitokeza. Cha tatu kilikuwa kizuri katikati lakini mwisho wake ulikatika upesi, kama sentensi iliyoachwa njiani. Chupa zilikuwa zilezile na vipimo vilevile. Tofauti ilikuwa maji na ubaridi peke yake. Kwa barafu yako sekunde hizo zitabadilika, maana vipande vidogo vilivyolowa huyeyuka haraka kuliko vikubwa vikavu.

Kwa hiyo Martini ikichoma, usikimbilie vermuti. Kwanza tia kijiko kimoja cha maji baridi sana, uonje. Mara nyingi hapo shida imekwisha. Kosa hili huwapata hasa wanaohifadhi jini kwenye friza. Jini ya asilimia 40 haigandi kwenye friza ya nyumbani, inakuwa nzito na baridi kali. Sasa kitu ambacho tayari ni baridi hivyo hakiyeyushi barafu nyingi. Unakoroga dakika nzima, chombo kinatoa jasho, nawe unaamini umepata Martini, kumbe una jini karibu tupu. Anayependa jini ya friza apime maji kwa mkono: mililita 15 kwa glasi, yaani vijiko vitatu vya chai.

Ikiwa chapwa, hali ni ngumu zaidi, kwa sababu maji yakishaingia hayatoki. Kijiko kimoja au viwili vya jini baridi huirudisha kidogo. Ganda la limau husaidia kuliko watu wanavyodhani. Kata kipande chenye upana wa kidole gumba, uache sehemu nyeupe kwani ni chungu, kisha kikunje juu ya glasi upande wa rangi ukielekea kinywaji. Tazama uso wa glasi kwenye mwanga: utaona utando mwembamba wa mafuta umetanda. Utando huo ndio unaoipa pua kazi kabla ulimi haujafika. Zeituni hufanya kazi tofauti, kwa kuwa huleta chumvi na unene. Huwezi kuhukumu Martini ya limau kwa ulimi uliotoka kwenye Martini ya zeituni.

Na kama ukali umetulia, maji yako sawa, lakini bado unahisi jini inaongea peke yake, hapo ndipo uongeze vermuti. Panda hadi 60 kwa 20. Wapo wanaofika nusu kwa nusu, 45 kwa 45, na hicho ni kinywaji halali kabisa, laini na chenye harufu ya mimea.

*Ikikaa.* Haivumilii. Haina barafu ndani yake, kwa hiyo kila dakika inapanda joto, na ikipata joto moto wa pombe hurudi. Tengeneza ndogo, mililita 45 za jini badala ya 60, uimalize ikiwa bado baridi.

*Inamfaa nani.* Mtu mwenye subira anayependa ladha kavu, na ambaye tayari anaipenda jini yenyewe. Asiyeipenda jini tupu kwenye kijiko hataipenda kwenye Martini, na hilo si kosa lake.

NEGRONI

*Inazoeza nini.* Mililita 30 za jini, 30 za vermuti nyekundu tamu, 30 za Campari, pombe nyekundu na chungu ya Kiitaliano. Inasimuliwa kwamba ilizaliwa Florence, Italia, mwaka 1919, pale Count Camillo Negroni alipotaka Americano yake, kokteli ya Campari, vermuti nyekundu na soda, itiwe nguvu, na soda ikapisha jini. Uzuri wa kanuni hii kwa mwanafunzi ni kwamba vitu vitatu vimekaa sawasawa, kila kimoja kwa sauti kubwa, na kazi yako ni kusikia nani amemzidi mwenzake.

Wengi huonja Negroni wakasema tu "chungu". Ni kweli ni chungu, lakini ina sukari nyingi pia, kwa sababu Campari yenyewe ni tamu na vermuti nyekundu ni tamu vilevile. Ulimi usiozoea huusikia uchungu kwanza, ukaacha kusikiliza. Negroni hukulazimisha usikilize hadi mwisho.

*Inadai nini.* Chupa tatu, chungwa moja, barafu. Haina vipimo vigumu: kifuniko chochote kinaweza kuwa kipimio mradi utumie kilekile mara tatu. Unaweza kuikoroga ndani ya glasi utakayonywea. Campari hudumu kabatini muda mrefu kwa sababu ya pombe na sukari yake. Vermuti haidumu, na hapa inachukua theluthi nzima ya kinywaji, kwa hiyo ikichakaa utaisikia.

Hili lilinifunza wakati fulani. Nilikuwa na Negroni iliyonishinda kwa wiki kadhaa. Ilikuwa na ukali wa ajabu pembeni mwa ulimi, kama siki kwa mbali, na mwisho wake ulikuwa mfu. Nilibadilisha jini, nikapunguza Campari, nikabadilisha chungwa. Mwishowe nikafanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza: nikamimina kila kiungo kwenye kijiko chake na kukionja peke yake. Jini ilikuwa sawa. Campari sawa. Vermuti, iliyokaa kabatini imefunguliwa kwa miezi, ilikuwa imechacha. Tangu hapo kila chupa ya vermuti ninayofungua naiandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi yake.

*Ikikosea.* Ukiisikia imezidi, meza, kisha ngoja. Pitisha ulimi kwenye kaakaa. Ukisikia kunanata, iliyozidi ni sukari. Ukisikia kumekauka na uchungu unaendelea kupanda nyuma ya koo, iliyozidi ni Campari. Haya ni makosa mawili, na kila moja lina dawa yake.

Ikinata, ongeza jini kijiko kimoja kimoja hadi ufike 40 hivi. Jini hukata sukari na uchungu kwa pamoja na kuleta harufu mbele. Ukaukaji wa uchungu ukizidi, punguza Campari hadi 25 au 20 kwenye glasi ijayo. Kwenye glasi iliyopo, jaribu chumvi: yeyusha chumvi kidogo kwenye maji, tia matone mawili. Chumvi hufifisha uchungu ulimini, na kwa kiasi hicho huisikii kama chumvi. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kuongeza vermuti ili kutuliza uchungu. Uchungu unapungua kidogo, lakini kinywaji kinakuwa kizito, kama dawa ya kifua, na hapo hakuna njia ya kurudi.

Na kabla ya yote hayo, koroga sekunde 15 zaidi. Negroni changa, yaani ambayo barafu haijaifanyia kazi, huwa nzito na yenye kelele. Nyingi ya zile zinazolaumiwa kwa uchungu zilikuwa zinadai maji tu.

Chungwa: ganda lililokunjwa juu ya glasi huleta harufu bila kubadilisha ladha. Kipande chenye nyama hutoa maji ya chungwa na hulainisha kinywaji taratibu. Anayeanza naona aanze na kipande.

*Ikikaa.* Hapa Negroni inawashinda wenzake. Hukaa juu ya barafu, nayo barafu inavyoyeyuka uchungu unalainika, na dakika ya kumi mara nyingi ni bora kuliko ya kwanza. Tumia kipande kikubwa kimoja ili kisiyeyuke mbio. Baada ya nusu saa huanza kupwaya.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kinywaji kinachosamehe vipimo visivyo kamili, asiyependa kukamua matunda, na anayependa, au yuko tayari kujifunza kupenda, uchungu. Inawafaa sana wanaoandalia wageni. Haimfai anayetaka kitu chepesi.

GIMLET

*Inazoeza nini.* Uchachu dhidi ya utamu, mizani ambayo karibu kila mtu ameshaishika jikoni bila kujua. Mwaka 1867 Lauchlin Rose wa Leith, Uskoti, alipata hataza ya kuhifadhi maji ya ndimu kwa sukari bila pombe, na Gimlet ya zamani ilijengwa juu ya maji hayo ya ndimu ya chupa yaliyotiwa sukari. Siku hizi wengi hutumia ndimu mbichi na shira: jini 60, ndimu 20, shira 20. Njia ya chupa hukupa ladha ileile kila siku, na ni tamu, karibu kama peremende. Njia ya ndimu mbichi ni hai zaidi lakini hubadilika. Kwa anayejifunza kurekebisha, mbichi ndiyo shule, kwa kuwa hukupa mikono miwili ya kucheza nayo. Ya chupa imekwishaamua mizani kwa niaba yako.

*Inadai nini.* Chupa moja tu ya pombe. Ndimu, sukari, maji, chombo chenye kifuniko kisichovuja, na chujio. Shira ni sukari na maji kwa uzito sawa, koroga hadi iyeyuke, huhitaji hata moto. Ndimu kamua siku hiyohiyo, na usiikandamize hadi ganda litoe mafuta na uchungu wake. Kazi ya mikono ni kubwa kuliko kwa wenzake.

*Ikikosea.* Hii ndiyo inayosomeka kwa urahisi zaidi. Ikikunja uso, imezidi ndimu: shira kijiko kimoja. Ikilala ulimini bila kuamka, imezidi shira: ndimu kijiko kimoja. Onja ndimu zako kabla ya kupima, kwani mbili za mti mmoja zaweza kutofautiana, na kanuni iliyoandikwa haizijui ndimu zako.

Kuna hali ya tatu inayowachanganya watu: si chachu, si tamu, lakini haijakolea. Hapo viwili vyote vimepungua dhidi ya maji na jini. Ongeza nusu kijiko cha ndimu na nusu kijiko cha shira kwa pamoja, au matone mawili ya maji ya chumvi. Usianze kubembeleza upande mmoja. Utazunguka usiku kucha.

Itikise kwa nguvu sekunde 10 hadi 12, hadi chombo kiume mkono kwa baridi. Ukiikoroga tu itakuwa bapa, kwa sababu kutikisa huingiza hewa inayoifanya iwe nyepesi mdomoni. Chuja mara mbili ili vipande vya barafu visiingie kwenye glasi vikaendelea kuyeyuka.

*Ikikaa.* Povu hupotea ndani ya dakika chache. Joto likipanda, utamu hupanda nalo. Kwa hiyo inapokuwa baridi kabisa, iache iegemee kidogo upande wa uchachu. Dakika tano baadaye itakuwa imekaa katikati yenyewe.

*Inamfaa nani.* Anayeanza kabisa, mwenye chupa moja, na anayetaka kuona matokeo ya kila kijiko papo hapo. Pia anayeikuta jini tupu kuwa kali. Haimfai mwenye tumbo lisilopatana na uchachu, wala asiyetaka kuosha chujio.

Jambo ambalo ulimi hautakuambia

Kwa ladha, Martini inaonekana kali, Negroni ya kati, Gimlet nyepesi. Tupige hesabu. Chukua jini ya asilimia 40, Campari ya 25, vermuti nyekundu ya 16 na kavu ya 18. Martini ya 60 kwa 10 ina pombe halisi mililita 26 hivi. Negroni ya 30 mara tatu ina 24. Gimlet ya jini 60 ina 24. Zote tatu karibu zinalingana. Gimlet inateremka upesi kwa sababu ndimu na sukari zimeifunika pombe, haijapungua. Mwonja asali haonji mara moja, na kwenye Gimlet methali hiyo ina uzito wake.

Kuna sababu ya pili ya kwenda polepole: pombe yenyewe huutia ulimi ganzi. Glasi ya pili huwezi kuihukumu kama ya kwanza. Ukiwa unajifunza, tengeneza moja kwa jioni, onja kwa kijiko, kunywa maji katikati, tafuna mkate mkavu. Hii ni shughuli ya watu wazima. Anayeendesha gari, mjamzito, au anayetumia dawa zisizopatana na pombe, asionje kabisa, hata kwa kijiko.

Kulingana na hali yako

Una chupa moja ya jini na hujawahi kutengeneza chochote: Gimlet ya ndimu mbichi. Ndani ya glasi tatu au nne za siku tofauti utakuwa umeshika mizani, nayo utaihamishia kwenye kokteli yoyote yenye ndimu au limau.

Unajua mizani ya uchachu tayari, lakini kila kitu kichungu hukukimbiza: Negroni, ukianza na jini 40, vermuti 30, Campari 20, kisha ongeza Campari kijiko kimoja kila wiki hadi ulimi useme basi. Wengine husimama kwenye 25 milele, na hakuna ubaya.

Kokteli zako zina vipimo sahihi lakini bado si kama zile za mhudumu mzoefu: Martini. Karibu kila mara kinachokosekana ni barafu na muda, nayo Martini itakuonyesha bila huruma. Hata usipoipenda, fanya lile jaribio la vikombe vitatu mara moja.

Unatarajia wageni sita na hutaki kusimama jikoni: Negroni ya chupa. Changanya mililita 180 za kila kimoja, ongeza mililita 120 za maji, weka kwenye friji tangu asubuhi. Kila mgeni apate mililita 110 kwenye glasi yenye kipande kimoja kikubwa cha barafu. Gimlet kwa watu sita ni kutikisa hadi bega liume, na Martini ya kwanza itakuwa imepata joto kabla ya ya sita kumiminwa.

Vermuti yako imefunguliwa na hukumbuki lini: Gimlet, hadi upate nyingine.

Barafu yako ni ndogo, imelowa, au inanuka vitu vilivyo kwenye friza: iache Martini kwanza, ambayo itaisema barafu hiyo kila funda. Gimlet inavumilia zaidi, ila itikise sekunde saba au nane tu.

Mko wawili na hamkubaliani: tengenezeni glasi moja ya ile mnayoibishania, igaweni kwenye vikombe viwili, na kila mmoja aandike neno lake moja kwenye karatasi kabla ya kusikia la mwenzake. Mmoja akiandika "chungu" na mwingine "tamu mno" kwa kinywaji kilekile, basi hiyo ni Negroni, na mna jioni nzima ya kuirekebisha kwa kijiko.